Kipande Kilicholala Kifudifudi

Bhoke, mama,

Wewe na mama yako mmekwenda Turwa kumuaga bibi yako, na namjua mama yangu, hamtatoka pale mpaka mle mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Nimefagia benchi, nimekaa juu ya ndoo ya rangi, naandika kwa penseli ya fundi kwa sababu kalamu zote za nyumba hii umeshazipakia kwenye begi. Ukiona mwandiko umenenepa, lawama ni ya penseli.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kupiga simu ukifika Singida na kupiga tena ukifika chuoni Dodoma, mama yako ameshazisema, na atazirudia alfajiri pale stendi mpaka kondakta amwombe ashuke. Mimi sina la kuongeza. Nataka kukueleza habari ya sanduku utakalolikuta juu ya begi lako, na kwa nini ukuta wa karakana leo hauna kitu.

Mengi ya haya unayajua. Niache tu niyaseme, maana sijawahi kuyasema.

Kaka yako Chacha alirudi likizo kutoka shule ya bweni akiwa na mchezo. Nilimuuliza unachezwaje, akasema mmoja anasimulia hadithi na wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi ile. Unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu, msimulizi anakuambia kilichotokea. Nikauliza nani anashinda. Akasema hakuna anayeshinda. Nikamwambia basi huo si mchezo, hayo ni mazungumzo. Akacheka akasema, "Ndiyo baba, ila yana ramani."

Akaniomba hadibodi. Nikampa mabaki ya migongo ya kabati. Alitaka vipande vya mraba, kila ubavu upana wa kiganja, navyo nikavikata kwa haraka huku nikiwaza kazi ya mteja. Vingine vilizidi kwa unene wa kucha. Hakulalamika. Alikaa siku mbili pale mlangoni akivipiga msasa kimoja kimoja mpaka vikalingana, halafu akabandika karatasi juu ya kila kimoja akachora: hiki mto, hiki msitu, hiki njia panda, hiki nyumba tatu na kisima. Nilimuuliza kwa nini njia zote zinatokea katikati ya ubavu. Akasema ili kipande chochote kikikutana na kingine chochote, njia iunge. Nilisimama na randa mkononi nikajiambia huyu mtoto ana kichwa cha fundi. Nilijiambia mimi. Yeye sikumwambia.

Jumamosi mkawa mnakaa humu, wewe, yeye na Masanja, yule kijana wa jirani ambaye baba yake alitoka Shinyanga kuja kuchimba dhahabu. Mlikuwa mnatandika ubao wa plaiwudi juu ya magogo mawili na kuipanga ramani kidogo kidogo kadiri mnavyosafiri. Mahali ambapo hamjafika, kipande kinalala kifudifudi, na ni msimulizi peke yake anayejua kuna nini upande wa pili. Mkimaliza, mnaubeba ubao umelala hivyo hivyo na kuupandisha juu ya kenchi za paa usubiri wiki ijayo. Vipande vya akiba mlivifunga na mpira wa tairi la baiskeli na kuvitia kwenye mfuko wa simenti. Mpira ukavila pembe. Kisha panya wakala msitu wote, kwa sababu Chacha alikuwa amebandika karatasi kwa uji wa ngano. Baada ya hapo akawa anaiba gundi yangu.

Aliniomba sanduku. Sanduku dogo, lenye vyumba, mito kwake, misitu kwake. Nikasema nitakutengenezea. Nilisema hivyo wiki baada ya wiki, mimi ninayewatengenezea watu wote wa Nkende makabati ya vyombo.

Jumamosi moja mkanivuta nikae. Unakumbuka. Chacha alinipa kigoda, akasema mimi ni fundi mzee nimefika kando ya mto.

"Ng'ambo kuna moshi, baba. Unafanya nini?"

"Mto huu ni wa nani?"

"Si wa mtu."

"Hakuna mto usio na wenyewe. Wako wapi niwasalimie kwanza?"

Masanja akaanza kucheka na wewe ukamkanyaga mguu chini ya ubao. Chacha hakucheka. Alisema wenyewe wamehama, wameacha ng'ombe wanane wanazurura.

"Basi najenga zizi," nikasema.

"Baba, kuna zimwi linakuja."

"Ndiyo maana najenga zizi."

"Mura," Masanja akasema kwa ile lafudhi yetu aliyopenda kuiiga, "huyu mzee ana akili kutuzidi."

Mlivuka mto, mkapigana, mkaokoa mtu kisimani, na mimi muda wote nilikuwa nakata miba. Mwisho nikasema nimeingiza ng'ombe wote wanane, nimefunga lango, nimekaa ndani. Chacha akaniuliza, "Hutoki?" Nikasema sitoki. Aliniangalia kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake. "Sawa," akasema. "Jumamosi ijayo tutajua zizi limeamkaje."

Nilifurahi siku ile, Bhoke. Nilicheka na nyinyi. Lakini nilipokuwa naoga jioni aibu ikanishika. Mwanaume wa rika langu nimekaa kwenye kigoda namuuliza mwanangu kama naweza kuvuka mto! Nikaona kama amenipunguza, wakati hakuna alichofanya zaidi ya kunikaribisha. Jumamosi iliyofuata nikachukua kazi ya kupachika milango Kisaka. Milango ile ingeweza kungoja Jumatatu, mwenye nyumba mwenyewe aliniambia hana haraka. Nilirudi jua limeshashuka nikawakuta mnapandisha ubao. Chacha akasema, "Kwako hatujafika, baba. Tumekungoja." Nikasema Jumamosi ijayo.

Jumatano homa ikampanda. Ijumaa hatukuwa naye.

Jumamosi nilikuwa hapa kwenye benchi natengeneza jeneza. Mafundi wenzangu walikuja, wakasema Mzee Marwa tuachie, kapumzike. Nikawaambia vipimo ninavyo. Nilipiga randa, nikapima, nikaunga kona, na kona zilikaa vizuri. Nilijikuta natazama kona zile na kuona zimekaa vizuri. Huko nje watu walishajaa na akina mama walikuwa wanatafuta mbao za kutengenezea mabenchi ya wageni. Mmoja akaingia, akanyoosha mkono kwenye kenchi kuuteremsha ule ubao wa ramani. Nikamwambia huo hapana.

Niliushusha mimi. Ramani ilikuwa kama mlivyoiacha. Nikawaza kwamba msiba una siku nyingi, watu wanaingia na kutoka, mtu atautikisa ubao, mtu ataweka sahani juu, na hakuna tena anayejua vipande hivi vinarudi vipi mahali pake. Gundi ilikuwa imebaki kwenye kopo, ile ya jeneza. Sipendi gundi ikauke bure. Nikainua kipande cha kwanza, nikapaka, nikakirudisha. Cha pili hivyo hivyo. Vyote thelathini na tisa. Nilipofika kwenye kile kimoja cha pembeni kilicholala kifudifudi, sikukigeuza. Nikakipaka gundi huko huko chini, usoni pake, nikakilaza kama alivyokilaza. Siku zilizofuata nikapaka vanishi mara mbili, nikaupigilia ubao ukutani.

Sikulia. Watu walisema nimejikaza kiume. Sikujikaza, hapakuwa na kitu cha kukazia. Nilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu, unauona uko pale, ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Wewe uliingia ukautazama ubao. Uliutazama sana. Halafu ukagusa kile kipande cha pembeni kwa kidole.

"Na hiki nacho umekibandika?"

"Nimeacha kila kitu kama alivyokiacha," nikasema.

"Sawa, baba."

Tangu siku hiyo hujakaa tena humu karakana. Ukiniletea chai unaiweka kwenye kizingiti. Miaka minne. Mimi nilidhani unaogopa kumkumbuka. Huo ndio ujinga wangu mwingine, kudhani mtu akinyamaza ameridhika, kwa kuwa mimi mwenyewe nilinyamaza na watu wakasema nimeridhika na kazi ya Mungu. Nilikuwa nakula, nafanya kazi, naitikia shikamoo za watoto barabarani. Siwezi kukuambia miaka minne ile ilikuwa na ladha gani.

Fundi aliyenifundisha kazi kule Sirari, Mkenya mmoja mkali sana, alikuwa akituona tunashika kopo la gundi mapema anapiga kelele: "Wewe! Panga kwanza kavu. Ukishaweka glu, hakuna kurudi!" Nimewafokea vijana wangapi humu kwa maneno hayo hayo. Kisha nikachukua kitu ambacho kazi yake yote ni kupangwa na kupangwa upya, nikakigundisha. Mtoto mdogo angeniambia. Wewe ulijaribu kuniambia.

Siku majina ya waliochaguliwa chuo yalipotoka, ulikuwa uani unazungumza kwenye simu na Masanja, ambaye na yeye sasa yuko Dodoma. Sikuwa nakusikiliza, nilikuwa napanga mbao. Nikasikia unacheka, halafu ukaacha kucheka. Nadhani alikuambia huko wamepata wenzao wa kucheza nao. Ukamwambia, "Mimi sina ramani, Masanja. Baba aliipigilia ukutani."

Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Nilikaa chini, pale pale kwenye mbao.

Nimefanya kazi ya kuvibandua vipande Jumapili tatu, wewe na mama yako mkiwa kanisani. Namna yenyewe ni hii, huenda ikakufaa siku moja. Unaulaza ubao kifudifudi juu ya blanketi. Unaloweka kitambaa, unakikamua, unakitandika mgongoni mwa ubao, unapitisha pasi ya mkaa polepole mpaka mvuke utoke. Gundi nyeupe ikipata joto na maji inalegea. Kisha unaugeuza, unaingiza kisu chembamba ubavuni mwa kipande, husukumi, unangoja. Ukisukuma hadibodi inachanika matabaka. Vipande viwili vya kwanza nilivisukuma, utaviona, ni daraja na lile soko. Niwie radhi. Vilivyobaki vimetoka salama kwa sababu vanishi ilikinga michoro juu. Imevifanya vya njano kidogo tu. Migongoni nimevisugua gundi yote kwa msasa laini, na herufi na namba aliyoandika Chacha kwa penseli nyuma ya kila kimoja ili kukitambua, nimeirudishia pale ilipofutika, kwa mwandiko wangu. Wa kwake ni ule mwembamba.

Sanduku ni la mninga. Lina vyumba sita. Sikuweka kufuli wala bawaba, kifuniko kinateleza kwenye mfereji, kwa sababu bawaba hulegea na kufuli hupotezwa ufunguo. Nimeacha nafasi ya kidole kila chumba ili usivikwangue pembe unapovitoa. Vilaze, usivisimamishe, vikisimama muda mrefu vinapinda. Usifunge na mpira wowote. Mfuko mdogo wa kitambaa ulioko pembeni una mkaa wa kunyonya unyevu, uanike juani mara moja moja. Na vipande vya kanga nilivyoviweka katikati ya tabaka ni vya ile kanga yako ya zamani, mama yako ameitafuta wiki nzima, usimwambie.

Utaona pia chumba cha sita hakina kipande cha zamani. Nimeweka humo vipande kumi na viwili vya hadibodi mpya, havina kitu juu. Hivi nimevipima kwa skwea na kuvisugua mwenyewe. Weka wasiwasi wowote kando, ubavu wavyo unalingana na wa zamani, nimevijaribu kimoja kimoja. Kavu.

Sasa kile kimoja kilicholala kifudifudi.

Nilikiacha cha mwisho. Nilijua hakitatoka kama vingine, kwa kuwa uso wake wa karatasi ndio uliokuwa kwenye gundi, bila vanishi. Nilikaa nacho Jumapili nzima. Nilifikiria kuukata ubao kwa msumeno kukizunguka nikupe hivyo kilivyo, uamue wewe. Nikaona hiyo ni namna nyingine ya kukuachia mzigo wangu. Nikaipasha pasi.

Karatasi ilichanika. Nusu yake imebaki kwenye ubao, mgongo juu, nyeupe, haisomeki. Nusu iliyokuja na kipande ina mchoro, na ukungu wa gundi juu yake kama maziwa yaliyotiwa maji, lakini unaona.

Ni zizi langu, Bhoke. Amechora ua wa miba vizuri, mwiba kwa mwiba, unajua alivyokuwa na subira. Mimi nilifunga lango. Ulikuwepo, Masanja alikuwepo, nilisema wazi nimefunga na sitoki. Yeye amelichora liko wazi. Ng'ombe hawamo. Kuna nyayo zao zinatoka langoni, zinapita kwenye mchanga, zinakwenda mpaka katikati ya ubavu wa kipande, pale njia zake zote zinapotokea, ili ziunge na kipande chochote kitakachowekwa mbele yake. Kama na mimi alinichora ndani nimekaa peke yangu, sijui. Upande huo ndio uliobaki ubaoni.

Nimeufikiria sana mchoro ule. Alikuwa ananitoa. Alijua mzee wake hawezi kuambiwa toka, atabisha, ila akiambiwa ng'ombe wamepotea atainuka mwenyewe. Alikuwa amepanga hivyo kwa ajili ya Jumamosi niliyokwenda Kisaka, na mimi ndiye niliyekipaka gundi usoni.

Nililia, mama. Sikulia sana, na sikulia vizuri, ni kama mtu aliyesahau namna yake. Mama yako aliporudi kanisani akauliza kama nimeingiwa na vumbi la mbao. Nikasema ndiyo. Mwambie wewe, siku moja, mimi nitashindwa.

Sikuombi unisamehe kwa barua, na wala usinijibu kesho stendi mbele za watu, tutaaibishana bure. Naomba kitu kimoja. Kipande kile nimekiweka juu kabisa ndani ya sanduku, uso juu. Mkikaa huko na Masanja na hao wenzenu, mkipanga ramani upya, na msimulizi, yeyote atakayekuwa, akiuliza yule fundi mzee wa kando ya mto anafanya nini, usimwambie amefunga lango. Mwambie ameamka amekuta zizi tupu. Mwambie amechukua fimbo, ametoka, anafuata nyayo za ng'ombe wake wanane, na safari hii hata hajauliza mto ni wa nani.

Baba yako,
Marwa